Naomba ushauri: Nikkor 24mm f/2.8 ya AI-S au ya AF-D?

Wakuu, habari zenu. Nina Nikon D750 na natafuta lenzi pana ya kupigia vichochoro vya Mji Mkongwe, na harusi za ndani zinapotokea. Mpya siiwezi bei, nimebaki na mbili za mtumba: 24mm f/2.8 ya AI-S, ile ya kulenga kwa mkono, na mrithi wake wa AF-D, anayejilenga mwenyewe.

Kwa vipimo hazipishani: zote zina vioo 9 katika makundi 9, zinalenga kuanzia sentimita 30, filta ni milimita 52. Ukali wa picha basi sidhani kama ndio wa kugombania.

Tofauti iko mkononi. AI-S ni chuma, pete yake inazunguka kwa utulivu na alama za umbali zimeachana vizuri. Mtaani unaweka f/8 (tundu la lenzi dogo, eneo kubwa linatoka kali), unapanga umbali mapema, unapiga tu. AF-D pete yake ni nyepesi mno, haina raha. Lakini inajilenga yenyewe kwa mota ya kwenye kamera (D750 inayo; wenye D3500 na D5600, zisizo nayo, poleni), ingawa inakereza kidogo, na kwenye nikaha watu wamekaa kimya!

Wasiwasi wangu ni harusi. Kwa f/2.8 (tundu wazi kabisa, eneo kali ni jembamba), taa hafifu, bibi harusi anatembea, ile nukta ya kijani ya kwenye kamera, inayowaka lenzi ikishalenga sawasawa, inatosha kweli kulenga kwa mkono? Aliyewahi kufanya kazi hivyo anijuze, maana moyo unataka AI-S.