Nitachunguzaje utalii na burudani za nje pande za Goma ikiwa mbuga inafungwa na kufunguliwa?

Mwanafunzi wa Himbi

Wakubwa kwa wadogo, nawasalimu. Ninaandaa tasnifu ya jiografia hapa Goma kuhusu mwenendo wa utalii na burudani za nje katika eneo la Ziwa Kivu na Virunga, pamoja na athari zake kwa mazingira na kwa riziki ya wakazi. Msimamizi wangu ameikubali mada, lakini ameniuliza swali ambalo bado linanisumbua: utauonaje mwenendo ikiwa takwimu zenyewe zimekatikakatika?

Hali ni hii. Hifadhi ya Taifa ya Virunga ilifungiwa watalii mwaka 2018, baada ya mlinzi mmoja kuuawa na Waingereza wawili kutekwa nyara mwezi Mei. Ikafunguliwa Februari 2019, ikafungwa tena Machi 2020 kwa sababu ya korona, na mwezi uliofuata likatokea shambulio la karibu na Rumangabo, makao makuu ya hifadhi, lililoua walinzi 12 pamoja na raia. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikalipuka, kisha vita vikarudi. Nikichora grafu ya wageni naona mstari unaoporomoka hadi sifuri, unapanda kidogo, unaporomoka tena, na kila mporomoko unaeleza bunduki, ugonjwa au volkano, wala hauelezi lolote kuhusu wageni wenyewe.

Je, nijaze mapengo kwa makadirio, nihamie eneo jingine, au kuna njia ya tatu? Naomba pia msaada kuhusu kupima uharibifu wa njia ya kupanda Nyiragongo, kwa kuwa vitabu nilivyosoma vinazungumzia udongo unaokanyagwa, na sisi sehemu kubwa tunakanyaga mawe ya lava.

Mwalimu wa Ibanda

Mdogo wangu, usijaze mapengo. Kujaza pengo kwa wastani wa mwaka uliotangulia na uliofuata kunafaa pale kumbukumbu zilipopotea, lakini hapa kumbukumbu hazikupotea. Wageni ndio hawakuja. Sifuri hiyo ni takwimu halali, na iachwe ibaki sifuri. Tena kufungwa kwa njia kunakupa nafasi ambayo watafiti wa nchi zenye amani hawaipati kirahisi, yaani eneo lilelile likiwa na wageni na likiwa halina, bila wewe kumwomba mtu yeyote alifunge.

Hata hivyo, kabla ya grafu kuna swali la msingi zaidi. Daftari la mlango wa hifadhi linakuonyesha watu walionunua kibali. Kwa mgeni kutoka nje, kibali cha kuona gorila upande wa Virunga kilikuwa dola 400, na cha kupanda Nyiragongo dola 300. Ukilifanya daftari hilo kuwa ndilo mwenendo wa burudani za nje za eneo zima, umekwisha kuamua, kabla hujashika kalamu, kwamba mkazi wa Goma anayeshuka ziwani kila Jumapili na watoto wake si mtu wa kuhesabiwa. Huyo ndiye wengi, na huyo hakuacha kwenda ziwani mwaka 2018.

Wageni wa kibali nao huwezi kuwaelewa ukikaa upande mmoja wa mpaka. Gorila wa milimani wa safu ya Virunga wanaishi katika nchi 3, na mgeni huchagua nchi kabla ya kuchagua mlima. Mei 2017 Rwanda ilipandisha kibali chake kutoka dola 750 hadi 1,500, wakati Uganda ilikuwa inatoza 600. Kwa hiyo mlango wetu ulifungwa mwaka uliofuata, wakati ambapo bei peke yake ilikuwa inamsukuma mgeni kuja huku. Jambo hilo hulioni kamwe ukisoma daftari la Goma tu.

Kuhusu athari, nisemee ninakokufahamu. Hifadhi ya Kahuzi-Biega, huku kwetu karibu na Bukavu, iliundwa mwaka 1970 ikiwa na kilomita za mraba zipatazo 600, ikapanuliwa mwaka 1975 hadi karibu 6,000, na watu walianza kupelekwa kuangalia gorila waliozoeshwa katika miaka hiyohiyo ya 1970. Ukihesabu dola zilizoingia na chupa zilizotupwa njiani, ukaishia hapo, umeacha mambo mawili mazito kuliko yote. La kwanza ni Wabatwa walioondolewa msituni ili hifadhi iwepo. Mwaka 2024 uamuzi wa Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ulitangazwa, ukiona kwamba haki zao zilivunjwa. La pili ni kwamba gorila aliyezoeshwa watu hamkimbii mtu, awe ameshika kamera au bunduki. Vita vya miaka ya 1990 vilipofika, idadi ya gorila wa nyanda za juu za hifadhi hiyo ilishuka kutoka takriban 250 hadi takriban 130 kufikia mwaka 2000, na makundi yaliyozoeshwa ndiyo yaliyokuwa rahisi kupatikana. Hiyo ni athari ya utalii iliyokuja wakati hapakuwa na mtalii hata mmoja. Daftari la mlango siku hizo lilikuwa tupu.

Kibati ya Zamani

Mwalimu, heshima yako. Kuhusu sifuri tuko pamoja, ila sikubali mgeni wa kibali awekwe kando kwa sababu tu ni wachache. Mimi nimetoka upande wa wanaobeba, na huko hesabu haiendi kwa vichwa vya wageni.

Ukingo wa Nyiragongo uko karibu mita 3,470. Huko juu hakuna chemchemi, na baridi ya usiku si ya kuchezea. Kwa hiyo kila anachotumia mgeni kinapanda mgongoni mwa mtu: mkoba wake, maji, chakula, hata makala (mkaa) ya kupikia. Nyuma ya mgeni mmoja kuna mpagazi, mpishi, anayekodisha makoti ya mvua na fimbo pale chini, mama anayeuza mandazi na chai alfajiri, na dereva aliyemfikisha. Usianze na mgeni. Anza na mzigo, uufuate kutoka sokoni ulikonunuliwa hadi ukingoni, halafu uulize kila aliyeugusa alipata nini.

Utagundua jambo ambalo halipendezi. Pesa kubwa huwa imekwisha kulipwa kabla mgeni hajafika. Wengi walikuwa wanashuka ndege Kigali, wanaletwa na kampuni ya huko hadi Grande Barrière, kivuko cha mpaka wa Rwanda na Goma, na malipo ya safari nzima yamekamilika siku nyingi. Kinachoshuka Kibati, pale njia ya kupanda inapoanzia, ni malipo ya siku na bahashishi. Kinachoshuka ni kidogo, lakini kinaingia katika nyumba ambazo hazina kingine, ndiyo maana njia inapofungwa athari yake hapa ni kubwa kuliko hasara inayoonekana katika hesabu za kampuni.

Nakushauri pia usimuulize mpagazi kipato chake cha mwezi, maana mpagazi hana mwezi. Atakutajia namba ili akuridhishe. Muulize safari yake ya mwisho: alibeba nini, alilipwa na nani, pesa ile ilinunua nini, katika soko gani. Kisha muulize alifanya kazi gani njia ilipofungwa. Wapo walioingia kwenye udereva wa pikipiki, wapo waliorudi shambani, na wapo watakaokunyamazia; hao usiwabane. Makala yanayopikiwa mjini hukatwa kwa sehemu kubwa ndani ya hifadhi hiyohiyo, na si kila mtu atakayekubali kulisema hilo mbele ya karatasi.

Mwanafunzi wa Himbi

Asanteni sana, Mwalimu na kaka wa Kibati. Nimeanza kuona kwamba ninaweza kuchukua sehemu mbili, njia ya Nyiragongo kwa kutumia kumbukumbu na mahojiano, na ufuo mmoja wa ziwa kwa kuhesabu mwenyewe. Nimefikiria Kituku. Lakini nikiusimamia ufuo huo kwa macho ya mtafiti, nakwama mara moja. Mtoto ametumwa na mama yake kuchota maji, anafika na bidoni lake la manjano, analiacha juu ya jiwe, anaogelea na wenzake mpaka jua liwakaushe, ndipo anajaza maji na kurudi nyumbani. Huyo nimwandike kwenye burudani au kwenye kazi? Wapo pia akina mama wanaofua huku wakipiga soga, na wasichana wanaopiga picha karibu na mitumbwi inayoshusha mizigo.

Mama wa Katindo

Mwanangu, swali lako ni zuri kuliko mada yako. Nimewahi kusimamia vijana waliokuwa wakiuliza maswali ya maji na kipindupindu katika fuo hizo, na tulikutana na mtoto huyohuyo.

Usimpange mtu, panga anachofanya. Karatasi yako iwe na safu mbili: alichotumwa au alichojia, na anachofanya dakika unayomtazama. Mtoto wako ataandikwa «maji» katika safu ya kwanza na «kuogelea» katika ya pili, na hakuna atakayekushtaki kwa kudanganya. Ukimlazimisha aingie safu moja, utapoteza mojawapo ya mambo mawili ya kweli. Ukimweka upande wa kazi tu utasema Goma haina burudani. Ukimweka upande wa burudani tu utawafanya watoto wanaobeba lita 20 kichwani waonekane kama wako likizoni.

Kabla hujahesabu, kaa na watu wanaotia klorini kwenye mabidoni pale ufukoni, ikiwa wapo wakati huo. Wamekaa hapo tangu asubuhi, wanajua saa ambayo watu hujaa, nani huja kwa maji na nani huja kwa mengine, na wapi watoto wamekatazwa kuogelea.

Kuna mambo mawili ambayo lazima uyapange mapema. Ukisimama na karatasi na kalamu mahali palipo na watu waliokimbia vita, watu watapanga foleni. Watadhani unaandikisha msaada. Bulengo na Lac Vert, sehemu ambazo zamani watu wa mjini walizijua kwa matembezi, zilijaa mahema ya wakimbizi wa ndani katika miaka ya vita vya karibuni. Mtu aliyepoteza nyumba hupaswi kumuuliza ameridhika kwa kiasi gani na mandhari ya ziwa. Mahali pa namna hiyo paondoe kwenye orodha, na uandike katika tasnifu kwamba umepaondoa na kwa nini, kwa maana kugeuka kwa mahali pa matembezi kuwa kambi ni sehemu ya mwenendo unaouchunguza.

La pili ni mazuku. Upande wa magharibi mwa mji, kuelekea Sake, kuna mabonde madogo ambamo gesi ya kaboni dioksidi hutuama chini kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hasa alfajiri kabla upepo haujaanza. Mbuzi hufia humo, na watu pia. Usimtume kijana wako yeyote kuhesabu watu upande huo saa za alfajiri bila mwenyeji anayejua kila shimo.

Mwalimu wa Ibanda

Ninaongeza upande wa hesabu, kwa sababu Mama amekwisha kumaliza ule mgumu.

Huwezi kukaa Kituku kutwa nzima mwaka mzima. Chagua siku kwa kura ndani ya makundi: Jumapili, Jumamosi na siku za kazi, kisha kiangazi cha Juni hadi Agosti na majira ya mvua. Katika kila siku iliyochaguliwa, hesabu waliopo kwa saa chache zilizochaguliwa pia kwa kura. Ukipata wastani wa watu waliopo, uzidishe kwa idadi ya saa ambazo ufuo una watu, kisha ugawanye kwa wastani wa muda ambao mtu mmoja hukaa. Tuseme, kwa mfano tu, wastani ni watu 120 kwa saa 10, na kila mtu hukaa saa 3. Hayo ni matembezi 400 kwa siku.

Hapo kwenye muda wa kukaa ndipo tasnifu nyingi huanguka. Ukiwahoji watu waliokaa ufukoni, utawapata zaidi wale wanaokaa muda mrefu, kwa sababu aliyekuja kwa robo saa keshaondoka kabla hujamfikia. Wastani wako utakuwa mrefu mno, na idadi ya matembezi itatoka ndogo kuliko ilivyo. Simama kwenye njia ya kutokea, uwahoji wanaoondoka, tena kwa mpango maalumu, kila mtu wa kumi au wa ishirini, wala si wale wenye nyuso za ukarimu.

Kuhusu lava, vitabu vyako havijakosea, vinazungumzia ardhi nyingine. Penye udongo msituni pima upana na kina cha njia katika vituo vilivyoachana kwa umbali sawa, na ulinganishe na ardhi ya pembeni isiyokanyagwa. Kumbuka kwamba wapitaji wa mwanzo ndio huharibu zaidi. Njia ikishachimbika, wapitaji elfu wanaoongezeka hawaongezi uharibifu kwa kiwango kilekile, kwa hiyo usitegemee kwamba wageni wakipungua nusu, uharibifu nao utapungua nusu. Penye mawe ya lava acha kupima kina. Tazama mimea midogo ya kijivu inayotangulia kuota juu ya lava ya mwaka 2002: pale watu wanapokanyaga haishiki, na ukanda mweusi unaobaki ndio upana wa njia yako. Piga picha za vituo vilevile kila utakapopata ruhusa ya kupanda. Ruhusa ya utafiti ndani ya hifadhi hutolewa na taasisi ya serikali ya uhifadhi, ICCN, kwa maandishi. Iombe sasa, usisubiri njia ifunguliwe.

Kibati ya Zamani

Mwalimu amesema kweli kuhusu ukanda mweusi, sisi huufuata usiku kwa tochi. Kijana apime pia pembeni ya sehemu za kupumzikia, maana hapo ndipo watu huacha njia kwenda haja.

Mama wa Katindo

Neno moja kuhusu ratiba ya Kituku. Asubuhi ya Jumapili usiipe uzito sawa na alasiri, kwa kuwa mpaka ibada ziishe utawakuta wachota maji tu. Na Jumamosi asubuhi kuna salongo, yaani kazi ya pamoja ya usafi wa mji, kwa hiyo utakaowakuta ufukoni saa hizo ama wamemaliza kusafisha, ama wanajificha, na hao wa pili hawatakubali kuhojiwa.