Naomba ushauri: mstari wa juu kwenye LinkedIn niandikeje?

Habari zenu wakuu. Kwa taaluma ni mhasibu, ila nahamia uchambuzi wa data. Kinachonikwamisha ni ule mstari chini ya jina, herufi 220 tu. Nikiandika "Mhasibu", wanaonitafuta ni wa hesabu tu. Niliweka "Mchambuzi wa data", lakini mtu akishuka kwenye uzoefu anakuta uhasibu mtupu, naonekana tapeli. Picha nimebadilisha, na ripoti nilizotengeneza kwa Power BI (programu ya kuchambua data) nimezibandika juu. Ile fremu ya kijani ya kutafuta kazi siigusi, bosi yumo humo humo.

Je, nichanganye fani zote mbili au nichague moja? Na wenye kuajiri, huwa mnaanza kusoma wapi hasa?