Tupeane uzoefu: Kuminga alisaini. Nani kati yetu amewahi kukataa ofa ya kwanza?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ndugu wapenzi wa kikapu, hatimaye Jonathan Kuminga, kijana wa Kikongo anayecheza NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, alisaini. Baada ya mivutano iliyochukua kiangazi chote cha 2025, mwishoni mwa Septemba alikubaliana na Golden State Warriors mkataba wa miaka 2 wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 45, ambao mwaka wake wa pili ulitegemea hiari ya timu.

Kwa wasiofuatilia kwa karibu, mchezaji anayechukuliwa raundi ya kwanza ya drafti, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, husaini mkataba wa miaka 4, na baada ya msimu wa tatu huruhusiwa kuuongeza, mradi makubaliano yafikiwe kabla msimu wa nne haujaanza. Kuminga, aliyechaguliwa wa 7 mwaka 2021, aliipita siku hiyo Oktoba 2024 mikono mitupu, ilhali Moses Moody, aliyechaguliwa wa 14 mwaka uleule na timu ileile, alichukua dola milioni 39 za miaka 3 akaendelea na mazoezi. Msimu ulipokwisha, Kuminga akawa huru nusu: timu nyingine yoyote ingeweza kumwekea dau, lakini Warriors walikuwa na haki ya kulifikia dau hilo na kubaki naye. Kwa kuwa karibu timu zote zilikuwa zimeshajaza ukomo wao wa mishahara, dau la maana halikuja. Phoenix na Sacramento zilitajwa sana, na zikaishia kutajwa.

Naomba tusirudie ubishi wa kama alistahili milioni 20 au 30 kwa mwaka. Nawauliza ninyi mliowahi kukaa meza ya namna hiyo, upande wowote ule: ilikuwaje?

Msimamizi wa ghala, Goma

Salamu kutoka mji aliozaliwa Kuminga mwaka 2002. Huku mechi za Warriors mara nyingi huanza alfajiri, na kabla ya vita kuingia mjini tulizoea kuzitazama kwenye simu moja watu wanne, tukichangia kifurushi cha intaneti.

Nilifanya kazi katika shirika moja la misaada kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Barua ya kuongezewa muda ilikuwa ikifika siku za mwisho kabisa, wakati tayari umeshaanza kuhesabu magunia ukijua huenda wiki ijayo atayahesabu mwingine. Siku moja niliomba mkataba wa mwaka. Mkuu wangu, mtu mwenye adabu sana, akanijibu kwamba fedha za kuniongezea zipo, na kweli akapandisha mshahara, lakini kifungu kilichoruhusu shirika kusitisha mkataba kwa taarifa ya wiki mbili kingebaki palepale. Nikauliza kama na mimi ningeweza kuondoka kwa taarifa ya wiki mbili. Akatabasamu, akasema hapana. Nilisaini, kwa sababu kodi ya nyumba haina subira.

Januari 2025 mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, shughuli zikasimama, na kifungu kile kikafanya kazi iliyokusudiwa. Ndiyo maana niliposikia kwamba Warriors waliwahi kumwekea Kuminga hadi miaka 3 yenye takriban milioni 75, naye akakataa kwa kuwa hiari ya mwaka wa mwisho ilikuwa ya timu, sikumwona mlafi hata kidogo. Alichokuwa akiuliza ni nani atashika mlango.

Mhasibu, Nairobi

Ndugu wa Goma, pole sana, na naheshimu uliyoyasema. Niruhusu hata hivyo niseme kwa niaba ya wale tunaokaa upande wa pili wa meza, kwa sababu katika mijadala hii mwajiri huwa hana wakili.

Katika kampuni ya usafirishaji niliyoitumikia tulikuwa na fundi kijana wa breki za mabasi, hodari, mwenye uwezo wa kutambua hitilafu ya mfumo wa hewa kwa kusikiliza tu gari linaposimama. Alidai mkataba wa miaka mitatu, na haki ya kuondoka mwaka wa tatu akitaka. Kwa hesabu zetu, hiyo ilimaanisha kwamba tungegharamia mafunzo yake yote, kisha akiwa bora aende kwa washindani wetu, na akiwa dhaifu abaki kwetu. Tukamwongezea mshahara badala ya uhuru. Alikubali, ingawa kwa uso uliokunjwa.

Sasa tazameni vitabu vya Warriors vya msimu wa 2025-26. Stephen Curry, Jimmy Butler na Draymond Green peke yao walibeba zaidi ya dola milioni 135, wakati ukomo wa mishahara wa ligi ulikuwa takriban milioni 154.6. Msimu ulipoanza Curry alikuwa na miaka 37. Timu ya namna hiyo haikuweza kujifunga kwa muda mrefu kwa kijana ambaye kocha Steve Kerr alikuwa hajaamua kama anamfaa, na ilihitaji mkataba ambao ingeweza kuubadilisha kwa mchezaji mwingine bila taabu. Huo haukuwa ukatili.

Mchezaji mstaafu, Temeke

Mnabishana kuhusu vifungu! Klabu niliyochezea haikuwahi kuniwekea karatasi mezani. Ilikuwa nauli, posho ya mechi ikipatikana, na ahadi ya kutafutiwa kazi bandarini ambayo kila kiongozi mpya aliirithi kutoka kwa aliyemtangulia. Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa wa 2 mwaka 2009, mbele ya Curry mwenyewe, na bado Memphis walimwuza Houston kabla msimu wake wa pili haujaisha. Kijana akipewa milioni 20 na ushee kwa mwaka, asaini alale.

Muuguzi msaidizi, Minneapolis

Kaka wa Temeke, umenichekesha, lakini sikubaliani nawe. Mimi nilifanya kile ambacho Kuminga alitishia kukifanya, yaani kuchukua mwaka mmoja kwa malipo madogo ili mwisho wake niwe huru. Wakala wa ajira aliyenileta kwenye nyumba ya wazee alinipa mkataba mrefu wenye nyongeza nzuri, ila ukivunja unarudisha gharama za mafunzo. Nikachagua zamu za saa chache bila nyongeza. Mwaka ule nilikuwa mwangalifu mno, hata kumnyanyua mzee kitandani nilisubiri mwenzangu afike, maana ningeumia mgongo nisingekuwa na kitu mkononi. Nilimaliza salama, nikahamia hospitali. Cam Thomas akiwa Brooklyn na Quentin Grimes akiwa Philadelphia walichagua njia hiyo mwaka 2025. Lakini Nerlens Noel naye aliichagua mwaka 2017 kwa dola milioni 4.1, baada ya kuripotiwa kwamba alikataa takriban milioni 70, akaumia kidole gumba msimu huohuo, na fedha za namna ile hazikurudi tena.

Mei 2025 nilikuwa Target Center, uwanja wa hapa Minneapolis, kwenye mechi ya pili ya mchujo kati ya Warriors na Minnesota, Curry akiwa ameumia msuli wa paja. Kuminga, kijana aliyekuwa hagusi uwanja katika mechi nyingi za raundi iliyotangulia aliingia na kushambulia kikapu kana kwamba hakuna anayemlinda. Timu yake ilifungwa, lakini mechi iliyofuata akatia pointi 30.

Mwanzisha mada

Dada, mfano wa Jimmy Butler je? Mwaka 2014 alikataa ofa ya Chicago ya takriban milioni 40, na mwaka uliofuata akapata zaidi ya milioni 90. Baadaye alikaa chumba kimoja cha kubadilishia nguo na Kuminga.

Muuguzi msaidizi, Minneapolis

Butler alikataa akijua kwamba angecheza karibu dakika 39 kila mechi. Kuminga alikataa Oktoba 2024, akaumia kifundo Januari 2025, na aliporudi alimkuta Butler mwenyewe ameshakaa kwenye nafasi yake. Dakika zake ziligawanywa na upande uleule aliojadiliana nao bei. Fundi wa breki wa Nairobi angalau hakunyimwa mabasi ya kutengeneza.

Mhasibu, Nairobi

Hapo umenibana, nakubali. Lakini kuanzia tarehe 15 Januari 2026 Warriors waliruhusiwa kumbadilisha, na mshahara wa ukubwa huo hurahisisha kupata mchezaji wa kweli kwa upande wa pili. Nadhani wote wawili, timu na wakala, walisaini wakiitazama tarehe hiyo.

Msimamizi wa ghala, Goma

Basi alipaswa kuomba aende mahali ambapo angecheza. Mwaka wa pili bado haukuwa wake.