Wenye pikapu dabo kabini foo wili tupeane uzoefu, ikiwa tupu na ikiwa na mzigo

#1
Habari zenu wakuu. Nina dabo kabini ya dizeli, foo wili, gia za mkono, nimekaa nayo muda sasa na kusema kweli naipenda sana, ila naona wengi wanazinunua wakitegemea zitulie kama gari ndogo halafu wanaanza kulaumu, kwa hiyo tuambiane ukweli hapa.

Naanza mimi. Nyuma kuna springi za majani zilizotengenezwa kubeba kama tani moja hivi, sasa ukitembea tupu hazina cha kubeba, kwenye rafu rodi mkia unarukaruka tu na waliokaa nyuma wanalia mgongo. Weka mifuko kadhaa ya simenti halafu pita njia ileile, utadhani umebadilishiwa gari. Kubwa zaidi ni mvua. Ikiwa tupu uzito mwingi uko mbele kwenye injini, na ukiwa 2H (gia ya tairi mbili tu) tairi zinazosukuma ni za nyuma ambazo hazijakandamizwa na kitu, ukiingia kona lami imelowa ukakanyaga mafuta kwa pupa mkia unahama. Punguza mwendo kabla ya kona, ukishaingia ndani umechelewa. Nyie wenzangu foo wili mnaitumiaje?

#2
Mkuu umenena. Mi naongezea hili la 4H (tairi zote nne zinasukuma) kwenye lami kavu, jamani tuache. Hizi pikapu nyingi hazina difu ya katikati (gia zinazoruhusu shafti ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa kasi tofauti), ukiingiza 4H shafti ya mbele na ya nyuma zinafungwa zizunguke sawasawa, na ukikata kona tairi za mbele zinapita njia ndefu kuliko za nyuma. Kwenye tope zinateleza kidogo mambo yanaisha, kwenye lami kavu zitelezee wapi? Usukani unakuwa mzito, gari inajivuta kama imeshikwa breki, halafu ukitaka kurudi 2H lever inagoma. Ikigoma usiilazimishe, nyoosha usukani rudi rivasi mita chache itaachia yenyewe.

#3
Upande wa mchanga, kabla hujafikiria 4L (tairi zote nne kwa gia nzito ya mwendo mdogo) shusha upepo wa tairi kwanza. Mi nashusha mpaka PSI 18 hivi, tairi inalala, inakanyaga eneo refu zaidi na gari inapita juu badala ya kuchimba. Ikianza kuchimba toa mguu hapohapo, ukizidi kukanyaga inakaa na tumbo. Ukitoka mchangani jaza upepo kabla ya kukimbia maana tairi laini kwenye kasi inachemka mpaka inapasuka. Na difu loki (inayofunga tairi za kushoto na kulia zizunguke pamoja) ni ya kutokea ulipokwama, njia iliyonyooka, ukishatoka itoe.

#4
Mimi ni mama naendeshea familia. Wakuu kabla ya kununua kaeni kile kiti cha nyuma wenyewe, sio dereva tu, maana kwenye nyingi mgongo wa kiti umesimama wima na safari ndefu watoto wanachoka mapema. Mizigo ya nguo msiweke kwenye bodi mkategemea turubai peke yake, vumbi linaingilia kwenye upenyo wa mlango wa nyuma, mi naweka kila kitu kwenye ndoo za mifuniko. Swali langu, nikivuka maji mengi niangalie nini?

#1
Asante dada, swali zuri sana hilo. Difu ikiwa ya moto ikazama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na inavuta maji kupitia sili au ule mpira wa kupumulia. Kwa hiyo ukishavuka mwambie fundi afungue oili ya difu, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa ujue maji yameingia, mwaga yote weka mpya, usisubiri sevisi. Akiwa chini hukohuko apige grisi propela shafti kwenye zile nipo (vichuchu vya kuingizia grisi) mpaka ya zamani itoke, maana maji yanaiosha. Na taa ya maji kwenye filta ya dizeli ikiwaka simama uyatoe, yakifika kwenye nozo (zinazopulizia dizeli ndani ya injini) gharama yake sio ya mchezo.

Wenye otomatiki bado hamjasema kitu, mkishuka mlima mrefu na mzigo gia mnazishikaje?