Mjadala: Timu inayoongoza kwa mabao mengi, ipunguze mwendo?

Tangu kikosi cha vijana kutoka vijiji vya kusini mwa Ziwa Tanganyika kifungwe mabao 11 kwa 0 katika mashindano ya vijana hapa Kigoma Mjini, limejitokeza pendekezo linaloungwa mkono na watu wengi ninaowaheshimu, wakiwemo walimu wa michezo na viongozi kadhaa wa timu za mitaani. Wanataka mabao yanayozidi tofauti ya matano yasihesabiwe katika msimamo, na timu iliyofikia tofauti hiyo izuiwe kuendelea kushambulia. Hoja yao ni kwamba kipigo kikubwa humvunja kijana moyo, na mfano wanaoutaja kila mara ni wa majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, Zaire (sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) ya mwaka 1974, iliyofungwa na Yugoslavia mabao 9 kwa 0 katika Kombe la Dunia. Mimi nalipinga pendekezo hilo, na nitaanzia kwenye mfano wao wenyewe, kwa sababu naamini unathibitisha kinyume cha wanachodai.

Zaire haikwenda Ujerumani Magharibi ikiwa timu dhaifu. Mwezi Machi mwaka huo huo ilikuwa imetwaa Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri, ambako Ndaye Mulamba alifunga mabao 9, idadi ambayo hakuna mchezaji aliyeifikia katika fainali moja za michuano hiyo. Mechi ya mwisho dhidi ya Zambia ilimalizika kwa sare ya 2-2, ikarudiwa, Zaire ikashinda 2-0, na mabao yote manne yalikuwa ya Ndaye. Ilikuwa pia timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Katika mchezo wake wa kwanza, tarehe 14 Juni, ilifungwa na Uskoti 2-0, matokeo ambayo timu ngeni yoyote ingeweza kuyapokea bila aibu.

Siku nne baadaye, mjini Gelsenkirchen, timu ile ile ilisambaratika. Hadi dakika ya 18 ilikuwa imeshafungwa matatu. Kipa Kazadi Mwamba akatolewa, akaingia Tubilandu Ndimbi, na kabla hajapata nafasi ya kuuzoea mchezo, Katalinski wa Yugoslavia alikuwa ameshapachika la nne. Wachezaji walipomzonga mwamuzi kulalamikia bao hilo, mwamuzi akapigwa teke, na Ndaye ndiye aliyeonyeshwa kadi nyekundu, ingawa Mwepu Ilunga alikuja kukiri kwamba teke lile lilikuwa lake. Hadi mapumziko yalikuwa sita. Ni nini kilichobadilika katika siku nne? Wachezaji wenyewe walieleza baadaye kwamba fedha walizoahidiwa hazikuwafikia, kwamba walifikiria kugoma, na kwamba waliingia uwanjani wakiwa hawana tena moyo wa kucheza.

Sasa niulize: Wayugoslavia wangesimama kwenye bao la tano, ni mchezaji gani wa Zaire ambaye angelipwa haki yake? Huruma ya mpinzani ingewasaidia viongozi tu, ambao wangerudi Kinshasa na matokeo ya kawaida na kusema timu ilizidiwa. Mabao yale tisa ndiyo yaliyofanya watu waendelee kuuliza mpaka leo ni nini kilichotokea katika kambi ile. Uchungu wa wazee wetu wa Ujiji na Mwanga wanaoikumbuka siku hiyo naujua na ninauheshimu, kwa sababu wengi wao wana ndugu Kalemie, mji wa ng'ambo ya ziwa, na waliihesabu Zaire kuwa timu yao. Lakini uchungu huo tunauelekeza kwa Bajević aliyefunga matatu, wakati unawastahili walioshika mfuko.

Kuna jambo la pili katika kundi lile ambalo watetezi wa pendekezo hawalitaji. Yugoslavia, Brazil na Uskoti zilitoka sare zote zilipokutana, hivyo kila moja ikamaliza na pointi nne (wakati huo ushindi ulikuwa wa pointi mbili), na kilichozitenganisha ni idadi ya mabao ambayo kila moja iliifunga Zaire. Uskoti ilifunga mawili katika kipindi cha kwanza na haikuongeza hata moja katika kipindi cha pili. Brazil ilifunga matatu, la tatu likiwa la Valdomiro katika dakika ya 79, na bao hilo moja ndilo lililoirudisha Uskoti nyumbani bila kupoteza mchezo hata mmoja. Ninajua kwamba kikomo cha mabao matano kisingebadilisha msimamo wa kundi lile. Ninachosema ni kwamba wakati mpira unachezwa hakuna anayejua ni bao lipi litakalohitajika wiki ijayo, na kocha anayewaambia vijana wake watulie anacheza kamari na jasho lao.

Wapo watakaonijibu kwa mfano wa Ujerumani ya mwaka 2014, iliyoifunga Brazil 7-1 mjini Belo Horizonte. Ni kweli kwamba Mats Hummels alisema kuwa wakati wa mapumziko, wakiongoza 5-0, walikubaliana wasimdhalilishe mwenyeji. Hata hivyo, tuangalie walichokifanya baada ya hapo: Schürrle aliingia akafunga mawili zaidi. Waliacha madoido na kejeli, lakini mpira wenyewe waliendelea kuucheza kwa bidii ile ile. Hiyo ndiyo heshima ninayoitaka. Kijana anayepigiwa pasi ishirini za nyuma huku mashabiki wakihesabu kwa sauti anadhalilika kuliko anayefungwa bao la saba na mtu anayekimbia kweli.

Hata kipigo kikubwa kuliko vyote katika mechi za kimataifa, Australia 31, Samoa ya Marekani 0, mwezi Aprili 2001, kina funzo hilo hilo. Wageni wale walikosa karibu kikosi chao chote cha kwanza kwa sababu ya masuala ya pasipoti, wakachezesha vijana wadogo, na Archie Thompson akafunga 13 peke yake. Baada ya hapo, shirikisho la soka la Oceania halikuweka kikomo cha mabao. Katika mchujo uliofuata, visiwa vidogo vilicheza kwanza hatua ya awali vyenyewe kwa vyenyewe, na Australia ikasubiri mbele. Waandaaji walirekebisha mpangilio wao, na huko ndiko kasoro ilikokuwa.

Turudi kwetu. Vijana wale waliofungwa 11 walisafiri usiku kucha kwa boti ya mizigo, wamekaa juu ya magunia, wakashuka gatini alfajiri na kuingia uwanjani saa tatu asubuhi. Nilimwona beki wao wa kushoto akimvulia viatu mchezaji wa akiba aliyekuwa anachukua nafasi yake, kwa sababu jozi hazikutosha. Kwangu mimi, kanuni inayohitajika ni ya kuilazimisha kamati ifikishe timu za mbali siku moja kabla, izipe mahali pa kulala, na ikague vifaa kabla ya ratiba kutangazwa. Kwa watoto wa chini ya miaka 12 sina ubishi; hao wanajifunza, na ubao wa mabao unaweza kuzimwa kabisa. Lakini tunazungumzia vijana wa miaka 17 na 18, ambao baadhi yao wanatamani kuivaa jezi ya Mashujaa, klabu ya hapa Kigoma, na wanaostahili kupimwa kwa kipimo cha kweli.

Wanaounga mkono kikomo naomba wanijibu kwa mfano huu. Mwezi Desemba 1983, Hispania ilihitaji kuifunga Malta kwa tofauti ya mabao 11 ili iipiku Uholanzi na kufuzu michuano ya Ulaya. Hadi mapumziko ilikuwa 3-1. Ilimaliza 12-1, ikaenda Ufaransa na kufika fainali. Kwa kanuni mnayoitaka, timu ile ingecheza kipindi cha pili kwa sababu ipi?