Mfumuko wa bei unaotangazwa ni wa nani hasa?

Mpiga Hesabu:
Wakuu tujadili hili bila matusi. Kila takwimu zikitoka watu wanagawanyika, hawa wanasema namba zimepikwa, wale wanawaambia wenzao hamjui hesabu nyie. Mimi naona namba haijapikwa, ila ni ya mtu mwingine, na hiyo hiyo ndo inatumika kukuongezea wewe mshahara au pensheni.

Iko hivi. Fahirisi ya bei za walaji ni kapu. Wanauliza kaya zinatumia pesa kwenye nini, wanajumlisha, wanapata uzito wa kila kitu, afu kila mwezi wanafuatilia bei za vitu vile vile. Utata uko hapo kwenye kujumlisha. Chukua kaya mbili tu, ya kwanza inatumia 100 kwa mwezi na 60 yote inaishia kwenye chakula, ya pili inatumia 400 na chakula ni 80. Chakula kikapanda asilimia 12, vingine vyote asilimia 2. Ya kwanza mfumuko wake ni asilimia 8, ya pili 4. Kwa pamoja? Utasema 6 si ndio. Hapana, inatoka 4.8, kwa sababu anayetumia pesa nyingi anahesabika zaidi. Yaani ni wastani wa pesa, siyo wastani wa watu! Sasa wote waongezewe 4.8, mmoja kapata faida kidogo, mwingine kapigwa na risiti anayo mkononi.

Haniambii Mtu:
We unawatetea tu. Argentina si walipika?

Mpiga Hesabu:
Walipika kweli, serikali iliingilia ofisi ya takwimu 2007 na IMF ikaja kuwakaripia rasmi 2013. Ila angalia walivyoumbuka, mchumi Alberto Cavallo alikusanya bei za supamaketi kwenye mitandao akakuta mfumuko ni zaidi ya mara mbili ya ule wa serikali. Kupika kunashikika ndugu. Mimi naongelea kitu ambacho hata ofisi ya takwimu iwe na malaika watupu bado kitakuwepo.

Mwanauchumi Mtaani:
Mleta mada umesema nusu. Wapo wanaosema fahirisi inazidisha mfumuko, siyo kuupunguza. Marekani 1996 tume ya wachumi, inaitwa tume ya Boskin, ilisema inazidisha kama asilimia 1.1 kwa mwaka, kwa sababu kitu kikipanda watu wanahamia kingine, na bidhaa zinaboreka. Simu ya leo siyo ya miaka 10 iliyopita, ukilipa bei ile ile umepata zaidi.

Mama Bajeti:
Kaka hapo kwenye kuhamia ndo mnatuchosha. Nikiacha ninachokipenda nikachukua cha bei rahisi, kwenye karatasi yenu mfumuko umepoa, nyumbani kwangu maisha yameshuka. Na hiyo simu, kamera imekuwa nzuri sawa, mnaandika bei imeshuka, ila mimi pesa imetoka ile ile na ile simu ya zamani ya bei chee haiuzwi tena. Kamera hailiwi.

Alafu mtu asinijie na "mfumuko umeshuka kutoka 8 mpaka 3 mbona mnalalamika". Bei haijashuka! Ilikuwa 100 ikawa 108 sasa ni 111 na ushee, na kama mshahara umesimama pale pale basi pesa yako imepoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu yake.

Mwanauchumi Mtaani:
Hapo kwa 111 nakuunga mkono dada, hilo hata waandishi wa habari wanalikosea. Lakini mnataka nini sasa, kila mtu na fahirisi yake? Marekani wanayo ya majaribio ya wazee wa miaka 62 na kuendelea, na bado pensheni zao zinapandishwa kwa CPI-W, fahirisi nyingine ambayo kapu lake ni la wafanyakazi. Ukiruhusu nyingi kila upande utachagua inayomfaa, Uingereza fahirisi yao ya zamani ya bei, RPI, ilivuliwa hadhi ya takwimu rasmi ya taifa 2013 lakini mikataba mingi bado imeng'ang'ania humo humo.

Mpiga Hesabu:
Wewe umesema pensheni ya mzee inapimwa kwa kapu la mfanyakazi, afu unaona tatizo ni sisi tunaotaka makapu mengi. Sijasema kila mtu awe na yake. Uzito wa matumizi kwa vipato tofauti upo tayari kwenye tafiti zao za kaya, watoe namba ya kaya za chini ikae pembeni ya ile kubwa, siku ile ile, taarifa ile ile. Anayepinga hilo aniambie inamuumiza nani.