Mjadala: Je, vifaa vya maabara za vyuo vyetu viunganishwe na mtandao wa pamoja?

Mhadhiri wa Elektroniki:
Ndugu wachangiaji, naileta hoja hii nikiwa na uchungu. Chuo huhangaika miaka hadi kikapata darubini ya elektroni, ile inayotumia miale ya elektroni kuonyesha vitu vidogo mno, kisha darubini hiyo hulala imefunikwa siku nyingi za wiki, huku mwanafunzi wa uzamili wa mkoa mwingine akitafuta fedha za kupeleka sampuli zake ng'ambo. Kuendesha kifaa cha namna hiyo kwa mbali si jambo geni: mwaka 1992 watafiti wa San Diego waliiongoza darubini yao wakiwa mkutanoni Chicago, na mwaka 1998 Profesa Jesús del Alamo wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, alianza kuwaruhusu wanafunzi wake wapime transista kupitia intaneti. Mradi wake ulifika hata kwetu, Makerere na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sambamba na Obafemi Awolowo cha Nigeria. Zamani tulisingizia uzito wa intaneti ya setilaiti. Tangu mkonga wa SEACOM, ule waya wa intaneti upitao chini ya bahari, ufike pwani yetu mwaka 2009, kisingizio hicho hakipo. Napendekeza kila kifaa kikubwa kilichonunuliwa kwa fedha za umma kiunganishwe kupitia mitandao ya vyuo tuliyo nayo, yaani TERNET ya Tanzania, KENET ya Kenya na RENU ya Uganda, ili mwenye haja aweke nafasi na kukitumia popote alipo. Kikwazo kilichobaki ni mafundi sanifu wanaokalia funguo.

Fundi Sanifu wa Maabara:
Shikamoo Mwalimu. Umeandika mengi ya maana, lakini siwezi kuyapita hayo maneno ya mwisho, kwa kuwa ufunguo unaousema ninao mfukoni sasa hivi. Mimi huiwasha taa ya spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaopita kwenye sampuli, nusu saa kabla ya mwanafunzi wa kwanza kuingia, kwa sababu taa isipotulia namba hupanda na kushuka zenyewe. Kisha hukishika kile kichupa cha mraba cha kuwekea sampuli kwa pande zake mbili zenye ukungu na kuzifuta zile pande angavu kwa karatasi laini, maana alama ya kidole kimoja inatosha kuzuia mwanga na kumfanya mtu aripoti kitu ambacho hakimo kwenye maji aliyoyaleta. Aliye mbali ataletewa namba safi kwenye skrini, wala hatajua kwamba kichupa kilikuwa kichafu.

Mwanafunzi wa Uhandisi:
Namuunga mkono Mwalimu, ila tusichanganye mambo mawili. Mfumo wa MIT ulikuwa na majaribio ya foleni, ambapo mwanafunzi hujaza thamani za volti, akazituma, na jibu likamrudia zamu yake ikifika. Na ulikuwa na majaribio ya moja kwa moja, ambayo huhitaji uweke saa yako na mawasiliano yasikatike. Kupima transista ni kazi ya foleni, na mtandao ukiyumba hupotezi ila muda. Darubini ni kazi ya moja kwa moja: picha ikichelewa kukufikia, unazidisha kuisogeza sampuli na kuipoteza ile sehemu uliyokuwa ukiichunguza. Sote tunakumbuka Mei 2024, mikonga ya EASSy na SEACOM ilipokatika. Hata hivyo, seva ikiwa hapa hapa nchini, data ya kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro haina sababu ya kuzunguka baharini.

Msimamizi wa Mtandao wa Chuo:
Mdogo wangu, kukatika kwa mtandao ni tatizo dogo. Kinachoninyima usingizi ni kompyuta iliyo ubavuni mwa kifaa. Nimezikuta nyingi zikitumia Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Aprili 2014, na huwezi kuibadilisha, kwa sababu programu ya mtengenezaji na kadi inayoiunganisha na kifaa hazikubali mfumo mpya. Kirusi cha WannaCry kiliposambaa Mei 2017, hospitali za Uingereza zilipoteza hata mashine za MRI. Oktoba 2022 ilishambuliwa ALMA, ile darubini ya redio ya Chile, ikakaa siku 48 bila kuchunguza anga. Sisemi tusiunganishe. Nasema kompyuta hiyo ikae kwenye mtandao uliotengwa, nyuma ya seva inayolindwa, na kila anayeingia aingie kwa jina lake. Niliwahi kuikuta nywila ya kifaa imeandikwa kwenye plasta na kubandikwa juu ya skrini.

Mhadhiri wa Elektroniki:
Kila tukitaka kusogea hatua, mnatuletea Chile. Antena za ALMA ziko mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, na waendeshaji wake wamekaa kituo cha chini, kwenye mita 2,900. Waliposhambuliwa walijenga upya ulinzi, hawakupanda mlimani kukaa na antena. Nawe Fundi, marahaba. Sikukusudia kukudhalilisha, lakini niliwahi kusubiri wiki tatu mlango ufunguliwe hadi mwanafunzi wangu akaahirisha kuhitimu. Usiniambie kwamba hilo ni suala la kichupa.

Fundi Sanifu wa Maabara:
Nampa pole mwanafunzi wako, kwa dhati kabisa. Lakini uliuliza kwa nini mlango ulifungwa? Mahali nilipowahi kufanya kazi tulifunga mwezi mzima kwa sababu pampu ya ombwe, ile inayotoa hewa ndani ya darubini, ilikosa mafuta, na ombi la kununua lita mbili lilikuwa bado linazunguka ofisi za manunuzi. Ukiiunganisha darubini, atakayepakia sampuli za mtu wa Mbeya saa tatu usiku ni mimi, na umeme ukikatika atakayekimbilia pampu ni mimi. Pendekezo lako limetaja mkonga na mitandao. Halikutaja posho ya zamu ya usiku, wala jina la fundi kwenye ripoti.

Mwanafunzi wa Uzamili, Mbeya:
Mimi ndiye huyo mtu wa Mbeya, na sampuli zangu ni za udongo wa mfinyanzi. Fundi, nikizituma kwa basi, utahitaji muda gani kuziandaa?

Fundi Sanifu wa Maabara:
Zifike siku mbili kabla ya saa uliyoiweka, zikiwa zimekauka kabisa. Udongo haupitishi umeme, na elektroni zikijikusanya juu yake picha huharibika, kwa hiyo itanibidi nizipake dhahabu kwanza. Andika namba kwenye kila kifuko kwa penseli, maana wino hufutika njiani.